Skrini ya Hz ngapi kwa kurusha ndege?

SWALI: Kwenye mchezo wangu wa kurusha ndege, nikikaribia kutua uwanja wa Moi picha inakwamakwama. Muuzaji anasema ninunue skrini ya 240 Hz. Itasaidia? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Bakisha pesa zako, ndugu. Hz ni mara ambazo skrini hubadilisha picha kwa sekunde. Picha zenyewe, yaani fremu, hutengenezwa na kompyuta, na michezo ya ndege, hasa juu ya mji, mara nyingi hutoa 30 hadi 60 tu kwa sekunde.

Tafuta 120 au 144 Hz yenye FreeSync au G-Sync (teknolojia zinazofanya skrini ifuate kasi ya fremu), halafu usome masafa yake, yaani kuanzia Hz ngapi hadi ngapi inaweza kufuata. Ya 48–144 ni nzuri: fremu zikishuka hadi 40, kila moja huonyeshwa mara mbili, zikawa 80. Ya 48–75 haina nafasi hiyo, maana 80 inapita 75.

Kwenye 120 Hz unaweza pia kuweka kikomo cha fremu 40 kwa sekunde kwenye mchezo. Kila picha inakaa mizunguko 3 kamili ya skrini. Kwa 60 Hz, moja hukaa mzunguko 1, nyingine 2, ndiyo maana inarukaruka.

Ukishaichomeka, ingia mipangilio ya Windows uchague Hz mwenyewe; mara nyingi hubaki 60.