Mvinyo mkali, glasi zenye ukungu

SWALI: Mvinyo mwekundu wa bei nafuu hunichoma kooni, na glasi zangu zimepata ukungu usiotoka kwa sabuni. Nifanyeje?

JIBU: Mara nyingi kinachochoma ni kileo, ambacho joto hukifanya kijitokeze zaidi. Weka chupa kwenye friji dakika 30 kabla ya kula. Mvinyo ukishuka hadi nyuzi 16 hivi, ladha ya tunda itasikika. Usizidishe: baridi kali huleta ukakasi.

Glasi je? Kwa kawaida huo ni utando wa maji magumu, yaani maji yenye madini mengi. Ziloweke dakika 15 katika siki nyeupe na maji vuguvugu, nusu kwa nusu, suuza, kisha kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ukungu ukibaki, kioo chenyewe kimelika. Hapo hakuna dawa. Zenye ukingo wa dhahabu usizitie siki kabisa.