Maswali ya Wafugaji: Nyumbu aliyekufa siku ya pili

Swali: Farasi wangu jike amezaa mara mbili kwa punda dume. Mtoto wa kwanza yupo, ana nguvu. Wa pili alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, kesho yake akalegea, ufizi ukawa wa manjano, mkojo mwekundu, akafa. Nimpandishe tena?

Jibu: Dalili hizo zinaelekea kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Nyumbu (wengine humwita baghala, asichanganywe na nyumbu wa porini) hurithi kwa baba alama kwenye chembe nyekundu za damu ambayo farasi hana. Damu ya mtoto ikimwingia mama, hasa wakati wa kuzaa, mwili wa mama hutengeneza kingamwili (kinga za kushambulia kitu kigeni) dhidi ya alama hiyo. Ndiyo maana mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika. Mimba inayofuata, kingamwili hizo hujaa kwenye dang'a, na utumbo wa mtoto mchanga huzifyonza kwa takriban saa 24 za mwanzo. Zikishaingia, zinapasua damu yake.

Kumpandisha unaweza, ila uwepo anapozaa. Wiki mbili hadi nne kabla, daktari wa mifugo apime damu ya mama dhidi ya damu ya yule punda. Majibu yakionyesha kingamwili hizo, au usipopata kipimo, mfunge mtoto mdomo kabla hajasimama, asinyonye kwa mama. Mwache karibu na mama, amnuse na kumlamba, la sivyo anaweza kumkataa. Mkamue mama kila saa mbili hivi na umwage. Mtoto apewe dang'a ya farasi mwingine ambaye hajawahi kubeba mimba ya punda: lita 1 hadi 2 ndani ya saa 6 za mwanzo, nusu lita kwa nusu lita. Igandishe mapema, na uiyeyushe kwenye maji ya vuguvugu. Moto mkali huiharibu. Baada ya saa 36 hadi 48 mfungue anyonye kwa mama.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumzuia asinyonye bila kumpa dang'a nyingine. Huyo anaepuka manjano, anakufa kwa maambukizi, maana hakupata kinga ya dang'a.

Swali: Nyumbu dume hazai. Kuna haja gani ya kumhasi?

Jibu: Ipo, kubwa. Farasi ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili) 64, punda 62, nyumbu 63. Haziwezi kupangana jozi kwa jozi, hivyo mbegu hazikomai. Lakini homoni za kiume anazo zote, na asiyehasiwa hupanda, huuma na hupiga mateke. Mhasi kabla hajatimiza miaka miwili. Majike wachache sana wameshawahi kuzaa. Dume, hakuna anayejulikana.

Swali: Punda wangu dume hataki farasi jike kabisa.

Jibu: Pengine amekulia na punda watupu. Anayekusudiwa kazi hii alelewe na farasi tangu anapoachishwa ziwa, na asipandishwe punda jike, maana akishawazoea huwadharau farasi. Umpe muda pia; punda hana haraka ya farasi, anaweza kuzunguka nusu saa kabla hajapanda. Kumchapa kunamzima kabisa.