Shule ikifunguliwa, mpeleke mtoto siku hiyo hiyo

Januari ya 2017 mwanangu wa kwanza alikuwa aanze darasa la kwanza, nami nikamchelewesha siku tisa. Sababu ilikuwa sweta. Shati jeupe na kaptula ya bluu nilishavipata Tandika tangu Desemba, viatu navyo vilikuwepo. Sweta la rangi ya shule alikuwa analifuma mama mmoja wa mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, na kwa msimu ule alikuwa amepokea kazi nyingi kuliko mikono yake. Njoo kesho ikawa njoo Ijumaa, Ijumaa ikawa Jumatatu. Nikaona aibu kumpeleka mtoto nusu nusu mbele ya wazazi wenzangu. Nikajiambia, acha tusubiri, wiki ya kwanza hawasomi bwana, wanafagia tu.

Maneno hayo nayasikia kila mwaka mpya, dukani, kisimani, kwenye foleni ya fundi cherehani. Ndiyo maana nimeona niyaandikie.

Siku ya kumi nilimpeleka akiwa amependeza kweli. Mwalimu alimpokea vizuri, sina la kumlaumu. Lakini madawati yalishapata wenyewe. Akawekwa wa nne kwenye dawati la watatu, pembeni kabisa, mguu mmoja nje. Nilisimama dirishani nikawaona wenzake wanaimba irabu. Kila irabu ilikuwa na kitendo chake: kwenye "a" wanapanua mdomo, kwenye "o" wanazungusha kidole kuufuata mdomo. Mwanangu hakuwa anaangalia ubao. Alikuwa anaangalia midomo ya wenzake, anawafuata nyuma kwa nusu sekunde.

Mchana alirudi kaptula imelowa. Hakujua choo kiko upande gani na alimwogopa kila mtu wa kumuuliza. Wenzake walishaonyeshwa siku ya kwanza, wametembezwa kwa mstari: hapa choo cha wavulana, hapa cha wasichana, hapa bomba, pale ofisi ya walimu, ukitaka kutoka nyoosha kidole. Hilo ndilo somo la wiki ya kwanza kwa mtoto wa miaka sita, na mimi ndiye niliyemkosesha. Alikataa kwenda shule kesho yake, na kesho kutwa pia nilimvuta mkono njia nzima. Hadi likizo ya Juni ndipo alipoanza kuunganisha silabi bila kubahatisha.

Baadaye niliingia kamati ya shule, nikaona mambo kwa upande wa walimu. Mwalimu wa darasa la kwanza anaanza na sauti, siyo majina ya herufi. Irabu kwanza, halafu konsonanti chache, halafu zinaungana: ma, me, mi, mo, mu. Ni ngazi. Aliyekosa vidato vya chini hapandi vya juu, na mwalimu mwenye watoto wengi darasani hana muda wa kumrudia mmoja mmoja. Anajitahidi, lakini anaye huyu na anao wale wengine wote.

Najua kinachotuchelewesha ni pesa. Januari ni mwezi mgumu, kodi ya nyumba inagonga hodi na sikukuu zimeshakula akiba. Ada katika shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, toka awali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika hadi cha sita. Ila sare, madaftari na chakula cha mtoto anayerudi nyumbani vimebaki kwetu wazazi, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 unasema hivyo wazi. Kwa hiyo mzigo upo, sitaki kuuficha. Ninachosema ni kwamba sare isiyokamilika isiwe sababu ya mtoto kulala nyumbani.

Kwa mtoto wa pili, mwaka 2020, mambo yalikuwa mabaya zaidi kwangu kipesa. Viatu havikuwepo, sweta lilikuwa la kaka yake, limepauka na kiwiko kimetoboka. Nikafika asubuhi ya siku ya kwanza kabla kengele haijagongwa, nikaomba kumwona mwalimu mkuu. Nikasema, "Shikamoo mwalimu. Huyu ni wangu, anaanza la kwanza. Viatu nitaleta mwisho wa mwezi, nimekuja mwenyewe nisije nikaonekana nimepuuza." Akaitikia, akafungua daftari, akaandika jina la mtoto na neno "viatu". Akamwita mwalimu wa darasa akamweleza mbele yangu. Mtoto alienda na yeboyebo wiki tatu na hakuna aliyemsimamisha mstarini. Basi fanyeni hivyo. Msimtume mtoto na ujumbe, msimtume dada wa kazi. Neno la mzazi aliyesimama mwenyewe ofisini lina uzito, na mwalimu anapojua hali ya nyumbani anamlinda mtoto.

Ukiwa hapo shuleni siku hiyo, omba kuona jina la mtoto lilivyoandikwa kwenye rejista. Hili watu wengi hawalijui. Jina la darasa la kwanza ndilo linaloingia kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, mtoto anapewa namba yake ya kumtambulisha, inayoitwa namba ya PREM, na ndilo litakalomfuata mpaka mtihani wa kumaliza msingi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Abdallah na rejista ikisema Abdala, usiseme litarekebishwa baadaye. Mimi nilisema hivyo kwa jina la baba wa huyu wa kwanza, na mwaka wa mtihani wake nilizunguka ofisi tatu nikiwa na kivuli cha cheti mkononi. Siku ya kwanza ingekuwa kazi ya kalamu tu.

Njia nayo. Jumamosi kabla ya kufungua, tembea na mtoto toka nyumbani hadi getini, mkatembee saa ile ile atakayokuwa anapita. Muonyeshe pa kuvukia na duka la mtu mnayemfahamu. Kama ni lazima apande daladala, mpe nauli ya mwanafunzi ikiwa tayari mkononi, na mwambie ukweli kwamba makonda wengine watamkatalia, asilie, asikimbilie mlango gari likiwa linatembea, asubiri jingine. Ukiweza, mtafutie mwenzake wa darasa la nne au la tano wa mtaa huo huo. Wa pili wangu alivushwa Barabara ya Kilwa na binti wa jirani mwaka mzima, na mpaka leo anamwita dada.

Kuna maneno tunayowaambia watoto tukidhani tunawatia adabu. "Wewe subiri Januari, utamkuta mwalimu mwenye fimbo." Naomba tuyaache. Mtoto aliyetishwa Desemba yote anamwogopa mwalimu kabla hajamwona, na anayemwogopa mwalimu haombi ruhusa ya choo, hasemi kalamu imeibiwa, hasemi kichwa kinamuuma. Mimi nilimwambia wangu hivyo hivyo, na ile kaptula iliyolowa ilitoka hapo pia, haikuwa sweta peke yake.

Wenye watoto wa kidato cha kwanza, kwenu nina moja tu. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, sasa anakwenda kufundishwa kwa Kiingereza. Shule nyingi hutumia wiki za mwanzo kwa kozi ya Kiingereza ya kumvusha. Akifika mwishoni mwa Februari kwa sababu ya godoro au tranka, anakuta wenzake wameshavuka, na Baiolojia inaanza naye akiwa bado ng'ambo. Godoro linaweza kufuata.

Kikao cha kwanza cha wazazi nacho usikikose, hata kama utafunga genge nusu siku. Wa tatu wangu alianza darasa la kwanza 2024, mwaka mtaala mpya ulipoanza. Ni kwenye kikao nilikosikia kwa mdomo wa mwalimu kwamba watoto wale watamaliza msingi darasa la sita, yaani 2029, siyo la saba. Nikapiga hesabu palepale ya watoto wawili na miaka yao ya kwenda sekondari. Mzazi niliyekaa naye benchi moja aliuliza juu ya mchango wa uji, akajibiwa mbele ya wote kwamba ni kiasi gani, unatunzwa na nani, na kwamba asiyenacho mtoto wake hafukuzwi. Waliobaki nyumbani walilisikia kwa kuambizana, na kila mdomo ulikuwa na kiasi chake.

Na sare, jamani, tupeane. Mtoto wa miaka sita anavaa sweta mwaka mmoja, mwaka na nusu, limembana. Mtaani kwetu sasa tumezoea: shule zikifungwa Desemba tunaulizana nani ana namba 24, nani ana 26, nani ana sketi ya marinda. Hakuna anayeona haya tena. Lile sweta la kiwiko kilichotoboka nililishona kiraka, likavaliwa na wa tatu, halafu na mtoto wa mama muuza maandazi.

Sweta jingine la wa tatu nalo limeshamkataa mabegani. Nimelifua na kuanika, liko kwenye mfuko nyuma ya mlango. Ni namba 26. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mtoto anatoka awali mwaka huu, na mama yake jana aliniambia anangoja fundi. Jioni nikifunga genge nampelekea.