Nikinunua mguu wa mota nitapanda ngazi kama zamani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti, ajali ya bodaboda, sasa natumia mguu bandia wa kawaida. Shida yangu ngazi. Ninakofanya kazi ni ghorofa ya nne Kariakoo na lifti ndo hivyo tena, nikifika juu jasho tupu. Jamaa kanionyesha video ya Mmarekani anapanda jengo refu na mguu wa umeme. Nichangishe hela? – Msomaji, Dar

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Huyo atakuwa Zac Vawter, Novemba 2012 alipanda ghorofa 103 za Willis Tower kule Chicago, ila yeye goti hana, ndo maana mguu wake ulikuwa na mota ya goti na ya kifundo cha mguu, tena walishamhamishia mishipa ya fahamu kwenye misuli ya paja ili akiwaza kukunja goti mguu usome. Na watu hawasemi kwamba ule ulikuwa mguu wa majaribio, alipomaliza akauacha kulekule akarudi kwao na wake wa kawaida.

Wewe goti unalo, na kwenye ngazi goti na paja ndo injini yenyewe. Kifundo ndo umepoteza. Mota ya kifundo inakusukuma kutoka nyuma mguu bandia ukiwa ngazi ya chini, na inanyanyua vidole visijikwae ukingoni. Inasaidia, sikatai, lakini ni mzigo zaidi, inataka chaji kila siku, na maji na mchanga haipatani navyo, sasa Kariakoo mvua ikinyesha unaijua mwenyewe.

Mi ningeanza na soketi, kile kikombe cha mguu bandia ambamo kigutu, yaani mguu wako uliobaki, kinaingia. Kigutu huwa kinapungua, kama unavaa soksi mbili tatu na bado kinacheza humo ndani basi hata ukifungiwa mota ya lori nguvu itapotelea hapohapo, nenda kwa fundi wako aiangalie, inawezekana jasho lote hilo ni soketi tu. Halafu ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza bandia, na ukishakuwa mzoefu wa kushuka kwa kupishanisha miguu, kila mguu ngazi yake, ule bandia uweke nusu nje ya ukingo ili ubingirike mbele, maana kifundo chake hakikunji. Mkono usiachie reli hata kama watu wanakuangalia.

Soketi ikikaa sawa niandikie unafika ghorofa ya ngapi bila kupumzika, hapo ndo tuongee habari ya mota.