Terabaiti zangu zimeenda wapi?

SWALI: Nina studio ya picha River Road, Nairobi. Nimenunua seva iliyotumika yenye kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) na diski 4 za terabaiti 4 kila moja. Fundi ameipanga RAID 5, na sasa Windows inaonyesha diski moja ya terabaiti 10.9. Nilitarajia 16. Je, nimeuziwa diski mbovu? Na stima ikipotea ghafla, picha zitakuwa salama?

JIBU: Diski zako hazijapunguza kitu. Kadi hukata data vipande vidogo, kwa kawaida vya kilobaiti 64 au 256, na kuvisambaza kwenye diski zote. Katika kila safu, vipande 3 ni data na cha 4 ni pariti, yaani hesabu inayotokana na vile 3. Diski moja ikifa, kadi hukokotoa kilichokuwamo. Pariti imechukua terabaiti 4, zikabaki 12. Windows huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, ndipo ukaona 10.9.

Stima ndiyo ya kuhofia zaidi. Kadi nyingi hupokea data kwenye memori yao na kuiambia kompyuta kazi imekwisha kabla diski hazijaandika. Umeme ukikatika hapo, kinachookoa data ni betri ndogo ya kadi, na kwenye seva kuukuu mara nyingi imechoka. Ingia menyu ya kadi seva inapowaka, uikague. Ikiwa mbovu, chagua Write Through, yaani kadi isiseme kazi imekwisha hadi diski ziandike: uandishi utapungua kasi, lakini ni heri. Nunua na UPS, kifaa chenye betri kinachoiwasha seva kwa muda stima ikipotea.

RAID 5 kwa diski kubwa hivi hatuipendi. Moja ikifa, 3 zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi ili kujaza mpya, na nyingine ikianguka katikati, picha zote zimekwenda. Kadi yako ikikubali RAID 6, yenye pariti mbili, ihamie: utabaki na terabaiti 8, lakini diski 2 zozote zaweza kufa bila hasara. Toa picha zote kwanza, kwa sababu kupanga upya hufuta.

Kadi ikiungua, tafuta ya familia ileile. Mpangilio umeandikwa kwenye diski zenyewe. Zikionyeshwa kuwa Foreign, yaani za kadi nyingine, chagua Import, kamwe usibonyeze Clear wala Initialize.

Na picha uliyoifuta kwa bahati mbaya RAID haikurudishii. Weka nakala kwenye diski ya nje, uichomoe ukimaliza.