Cheti cha TEHAMA au uzoefu wa kazi: uanze na kipi?

Vijana wanaoingia kwenye TEHAMA huniuliza sana swali hili: nilipie mtihani wa cheti, au nitafute kazi yoyote nijifunzie hukohuko? Mimi huwarudishia swali: cheti gani, na mtihani wake unapima nini? Kwenye wasifu kila cheti ni mstari mmoja tu, lakini vyeti havilingani hata kidogo.

Nimekaa sana upande wa wasaili, na swali ninalolipenda ni hili: kompyuta moja ofisini haina mtandao, ukitazama anwani yake unakuta 169.254.17.8. Unaanzia wapi? Yupo mwenye cheti aliyenitajia hatua nne za DHCP (mfumo unaozigawia kompyuta anwani za mtandao) kwa mpangilio bila kubabaika, kisha akanyamaza. Somo alilijua, ila hakung'amua kwamba anwani ile ndiyo jibu lenyewe: kompyuta imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yake. Mwingine, asiye na cheti hata kimoja, aliuliza kwanza: ni hiyo peke yake au na za jirani? Akaenda kwenye waya, kisha mlango wa swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi), kisha VLAN (mgawanyo wa mtandao mmoja kuwa mitandao midogo), halafu akasema angeangalia kama seva ya DHCP imeishiwa anwani za kugawa. Ungejua tu kwamba tatizo hilo limewahi kumkosesha usingizi.

Lakini msishangilie mapema, nyinyi msiopenda mitihani. Nilipomuuliza huyohuyo kwa nini mtandao wa /26 (alama ya ukubwa wa mtandao) unabeba vifaa 62 ilhali una anwani 64, alibaki kunitazama. Kazi hukufundisha yale tu yanayoharibika hapo ulipo. Kama ruta zote ziliwekwa na mtu aliyekutangulia, unaweza kukaa miaka bila kugusa OSPF (namna ruta zinavyoelezana njia) wala IPv6 (mfumo mpya wa anwani za intaneti). Mtaala wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, unakupitisha kote huko, upende usipende, na hiyo kwangu ndiyo faida yake kubwa kuliko karatasi yenyewe, ambayo hata hivyo huisha muda baada ya miaka 3.

Kwa hiyo, ukiweza, chagua mitihani ya kutenda. RHCSA, cheti cha usimamizi wa Linux cha Red Hat, haina maswali ya kuchagua. Unapewa mashine za Linux na orodha ya kazi, na ulichofanya lazima kibaki vilevile mashine ikizimwa na kuwashwa tena. Umeunganisha diski ukasahau kuiandika kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia Linux diski za kuunganisha inapowaka? Alama hizo zimekwenda. OSCP, cheti cha kupima usalama kwa kudukua, ni karibu saa 24 za kudukua mashine za mtihani, kisha saa 24 nyingine za kuandika ripoti. CISSP nayo, cheti cha usalama wa taarifa, hata ukifaulu, hupewi cheti kamili mpaka uwe na miaka 5 ya kazi, au 4 ukiwa na shahada inayokubalika. Wanaonunua maswali yaliyovuja na kuyakariri, hao sina la kuwaambia.

Huna kazi bado? VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako) na Packet Tracer (ya kuigiza mitandao) ni za bure. Jenga mtandao mdogo, kisha uuharibu kwa makusudi: futa njia moja kwenye ruta, jaza diski ya seva mpaka pomoni, badilisha VLAN ya mlango mmoja, halafu mpe rafiki akuharibie kingine bila kukuambia. Andika dalili, ulichodhani, na kilichokuwa kweli. Msailiwa anayenionyesha daftari la namna hiyo huwa namuuliza maswali mpaka muda unaisha.

Kuhusu kulipia mtihani, soma kwanza matangazo ya kazi unazozitaka uone vyeti vinavyotajwa. Ujue pia kwamba kampuni zenye ubia na watengenezaji kama Cisco hutakiwa kuwa na wafanyakazi wenye vyeti ili zisishushwe daraja. Baadhi ya waajiri hao hulipa ada ya mtihani wenyewe, kwa hiyo uliza kabla hujatoa pesa yako.