Mfadhili anakuja kukagua, na kitabu cha hundi kiko nyumbani kwa mwenyekiti

Swali: Kamwene mama. Mi ni mratibu wa shirika letu dogo hapa Mafinga, tunasaidia yatima na mabibi wanaowalea, miaka yote tumejiendesha kwa michango yetu wenyewe. Sasa shirika moja la Uholanzi limekubali kutupa milioni 60 za mwaka mmoja ila kabla ya kusaini wanataka kuja kuona mifumo yetu ya fedha. Mifumo hatuna, tuna mweka hazina mwaminifu sana na daftari lake. Kitabu cha hundi anakaa nacho mwenyekiti, akisafiri anatuachia hundi alizosaini kabisa. Kuna kaka anatuuzia mwongozo wa fedha ulio tayari kwa laki tatu, tuchukue?
*Mratibu, Mafinga*

Jibu: Kamwene mdogo wangu. Usichukue. Hiyo miongozo ya kununua naijua, unakuta ndani imeandikwa "meneja manunuzi ataidhinisha" wakati ofisi nzima mko watu wanne, mgeni akimuuliza mweka hazina meneja manunuzi ni nani mtaanza kuangaliana. Kaeni wenyewe jioni moja muandike kurasa tano kwa Kiswahili chenu: nani anaomba hela, nani anakubali, nani analipa, nani anaingiza kwenye daftari, na kuanzia shilingi ngapi lazima mpate bei za maduka matatu. Kamati ipitishe, muhtasari usainiwe, basi huo ndo mwongozo.

Hundi zilizosainiwa tupu zifutwe leo, usisubiri kesho. Na huo uaminifu wa mweka hazina siubishii ila mkaguzi haupimi, yeye anaangalia kama mtu mmoja anaweza kuomba, kulipa na kuandika peke yake, na akiona anaweza anaandika hatari kubwa hata kama huyo mtu ni malaika. Mko wachache, najua, kwa hiyo mchukueni mjumbe mmoja wa kamati asiyeshika hela kabisa, kila mwisho wa mwezi alinganishe daftari na taarifa ya benki, aandike tofauti kama ipo, asaini na tarehe. Ni kazi ya saa moja tu na mashirika mengi madogo yanaangukia hapo hapo.

Alafu wageni wakija hawasomi kila kitu, wanachomoa malipo mawili matatu wanayafuata mpaka mwisho. Tuseme wamechomoa semina yenu ya Igowole, wataweka orodha ya mahudhurio pembeni ya karatasi ya posho, na kama saini 30 zote zina mwandiko mmoja na kalamu moja hapo hakuna cha kueleza tena. Wataangalia risiti ya mafuta, wataona ni ya siku mbili baada ya semina. Mama aliyepika hana mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, hilo linaeleweka, mjazieni fomu ya malipo yenye jina lake, namba ya simu, alichopika na kiasi, asaini, au mlipeni kwa simu ili ujumbe ubaki. Lakini sheli na duka la stesheneri wana mashine, dai risiti ukiwa pale pale dirishani maana ukirudi wiki ijayo utaambiwa karatasi imeisha. Na zile risiti za EFD zinafutika jamani! Mtu anafungua boksi baada ya mwaka anakuta vikaratasi vyeupe vitupu, toeni kopi siku hiyo hiyo muibane na risiti yenyewe.

Mkishasaini mkataba kumbukeni serikali. Kanuni za NGO za 2018 zinasema fedha ikizidi milioni 20, mkataba upelekwe Hazina na kwa Msajili wa NGO ndani ya siku 10. Angalieni na cheti chenu cha usajili, siku hizi kinadumu miaka 10 tu.

La mwisho kwako, na hili linaniudhi kila mwaka: bajeti. Watu wanaweka hela yote kwa watoto, ofisi sifuri, wanaona ndo uungwana, alafu mweka hazina anakesha bure na mkaguzi wa nje hana wa kumlipa. Wekeni sehemu ya mshahara wa mhasibu, ukaguzi, pango na umeme. Hela za serikali ya Marekani kwa mfano, tangu Oktoba 2024 shirika lisilo na kiwango chake lililokubaliana na serikali hiyo linaruhusiwa kudai mpaka asilimia 15 kwa gharama za uendeshaji, zamani ilikuwa 10. Waholanzi wana utaratibu wao, waulizeni tu, kuuliza siyo njaa.

Swali: Tulikuwa chini ya shirika kubwa kwenye mradi wa UKIMWI wa Wamarekani. Hela ziliposimama Januari 2025 tukabaki na deni la pango na mishahara ya miezi miwili. Tujikingeje?
*Msomaji, Mbalizi*

Jibu: Poleni, na mikoa yetu iliumia kweli maana ndiyo yenye maambukizi makubwa, utafiti wa 2022-2023 ulikuta watu wazima wenye VVU Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kilichowaumiza wengi ni mikataba ya kulipwa baada ya kazi: unatumia kwanza, unadai baadaye. Safari ijayo ombeni malipo ya awali ya angalau robo mwaka, na kabla ya kusaini someni kifungu cha kuvunja mkataba, nani analipa kazi iliyokwishafanyika na notisi ya wafanyakazi. Ajira na pango visizidi muda wa mradi. Michango ya wanachama msiiache hata ikiwa midogo, ile haina masharti ya mtu, wekeni akaunti yake kando ili siku ya kiza mlipe japo mlinzi.

Swali: Sisi siyo wafanyabiashara, TRA inatuhusu nini?
*Mweka hazina, Tukuyu*

Jibu: Inawahusu sana. Cheti cha NGO siyo msamaha wa kodi, hadhi ya taasisi ya hisani inaombwa TRA kwa Kamishna na wanaweza kukataa. Hata mkiipata bado mnakata PAYE, yaani kodi ya mapato, kwenye mishahara, asilimia 10 kwenye pango na 5 kwa mtaalamu mliyemkodi, na michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, ya mwajiri na ya mfanyakazi. Nendeni na katiba na cheti kabla mshahara wa kwanza haujatoka, faini inahesabiwa kwa mwezi na mfadhili hailipi.